Mwizi Aliyepalilia

Sikuombeni kalamu,
wala wino wa kudumu;
jembe langu lina hamu
ya kusema hadharani.

Ninayo matuta sita
bondeni, nyuma ya kuta
za kiwanda cha mafuta
kilichofungwa zamani.

Udongo wake wa chupa,
vifuniko na mifupa,
nilichekecha kwa pupa
mwezi mzima juani.

Mbegu ya spinachi ngumu,
huiloweka kwa zamu;
si moja, huja kaumu:
miche mitatu shimoni.

Ikikua hushamiri,
jani pana la fahari,
limekunjana vizuri
kama rinda la gauni.

Kisima kina ukali,
chumvi i pale kwa mbali;
mchicha haukubali,
hulala chali tutani.

Spinachi ndiyo hodari,
huinywa kama sukari.
Shangazi alihubiri:
“Iga hiyo maishani.”

Huja kwa baisikeli
samadi kavu, kamili,
ya mbuzi walio mbali
huko Pongwe machimboni.

Majivu nanyunyizia,
vidukari hukimbia;
konokono nawambia:
“Kaleni huko njiani!”

Ilikuwa Jumatano,
nikihesabu mavuno:
mafungu kama matano
yameondoka gizani.

Nikafoka kwa matusi,
nikamwita fisi, fisi,
nikapumua kwa kasi,
nikachungulia chini.

Kila jani kalijua:
la kando kalichukua,
moyo hakuusumbua,
umelala utotoni.

Kavunja kwa kuzungusha,
pasipo kuniangusha;
magugu kayaondosha,
akayalaza njiani!

Nina mpwa, ni Feruzi,
mwaka wa tatu wa kazi,
huchuma kama ni mbuzi,
hadi huko mizizini.

Nikasema: Huyu mtu
ana mikono ya utu;
alilima bonde letu
au lile la jirani.

Wengi waliondolewa,
matuta yakafukiwa,
viwanja vikagawiwa
kwa karatasi mezani.

Mhina wa bilinganya,
Bi Mishi, bingwa wa nyanya,
Shemboza wa kugawanya
maji ya mferejini.

Feruzi: “Tutege nyaya!”
Shangazi kasoma aya.
Nami nikaona haya,
nikanyamaza pembeni.

Usiku nikajibanza.
Kikohozi kikaanza,
cha mtu wa kujitunza.
Nikarudi kitandani.

Nani? Sikutaka jina.
Jina huleta fitina,
na polisi, na laana,
na vikao Mikanjuni.

Keshoye naacha kamba
za mgomba, kwenye mwamba,
na kisu, si cha kutamba,
cha kukatia jikoni.

Asubuhi nikakuta
mafungu kumi na sita,
yamefungwa, yametota,
yaningoja besenini.

Ya kwake kajichumia,
mangapi, sikuwazia;
kisu kakinoa pia,
kakichoma udongoni.

Nikauza mia tano
kila fungu, bila neno.
Wakauliza: “Mkono
wa nani?” kule Mgandini.

Nikajibu: “Ni wa mwenza,
wa zamu aliyoanza
ya usiku, na hufunza
bila chaki mkononi.”

Miezi miwili vivyo,
kila mtu ajuavyo;
sikumwona, ndivyo hivyo,
twaonana majanini.

Masika Tanga yafika,
bonde limejaa taka;
mwenza wangu katoweka,
kamba zaoza mwambani.

Feruzi leo kachuma:
kazungusha, si kukama,
moyo kaacha mzima.
Sikumwuliza kwa nini.

Tuta la saba nachimba,
si la kuuza, si shamba;
mbegu ndani nimefumba.
Kisu kipo udongoni.